Alama Iliyo Chini ya Ngozi ya Mpini

Kaeni, na msiniguse hiyo ngozi, bado mbichi! Mmeniuliza kwa nini babu yenu hukata alama kwenye chuma, nami naifunika. Haya, sikilizeni, na asinikatize mtu.

Zamani sime za Wamasai zilifanana zote. Mhunzi alifua, mkewe akavika mpini ngozi, basi. Ya jana na ya miaka ishirini huwezi kuzitofautisha.

Siku moja mchungaji Mepukori alikutwa kisimani amechomwa, amekufa, na sime iko ubavuni mwake. Wazee wakaamuru kila morani aonyeshe ya kwake. Ala ya kijana mmoja, Sironka, ilikuwa tupu.

"Ilinidondoka nikivuka mto," alisema.

Nani amwamini? Jua likifika utosini angelaaniwa na kufukuzwa, asikanyage kwao tena. Mama yake, Nolari, hata kulia alishindwa. Alilitazama jua tu, maskini.

Akaitwa mhunzi, Kipainoi. "Wewe ndiye uliyeifua. Ni ya Sironka?"

Kipainoi aliigeuza, akaigeuza tena. Hakujua! Akisema ndiyo, huenda anamwangamiza kijana wa watu bure. Akisema siyo, watasema wahunzi wanaficha wauaji, maana sisi wahunzi hatukupendwa tangu hapo. Na jua halimngoji mtu.

"Hebu nipe," akasema mkewe, Naisiae. Akakata uzi wa mpini, akaifungua ngozi na kuipapasa. Mara akaiinua wazee waione.

"Hii ni ngozi ya mbuzi," alisema. "Wazee wangu, ya Sironka niliivika ngozi ya ng'ombe, mwaka jana tu. Ya mbuzi nilivika mwaka wa sotoka, ule ugonjwa uliomaliza mifugo, tulipozika ng'ombe na ngozi zao. Huyu kijana alikuwa bado ananyonya. Hii ni sime ya rika lenu."

Wazee walikuja na fimbo tu, sime zao ziko nyumbani. Wakainuka mmoja mmoja kwenda kuzileta. Mzee Lolkidienye, aliyepiga kelele kuliko wote kwamba Sironka afukuzwe, hakuinuka; hakuwa na ya kuleta.

Na tangu siku hiyo mhunzi hukata alama ya rika kwenye chuma kabla ngozi haijafungwa. Ukitaka kujua sime ni ya lini, usidanganywe na wekundu wa ala, maana hupakwa upya, fungua mpini. Na babu yenu akikawia na alama yake, mwacheni. Asije akasimama mbele ya mama wa mtu, jua liko utosini, naye hana jibu.