Anayebisha Kutoka Siku Iliyopita

Ndugu zangu, leo nitawasimulia habari ya kompyuta, na wale mnaoziogopa msiinuke. Ndani ya habari hii kuna mlango, kuna hodi na kuna mwenye nyumba. Hayo mnayajua tangu utoto.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali ya misheni, mjini. Hospitali ile ilikuwa na zahanati yake huko milimani, na katika zahanati palikuwa na kompyuta moja iliyotunza mafaili ya wagonjwa wote. Kila asubuhi, saa moja, kompyuta ile ilitakiwa kupeleka nakala ya mafaili yake kwa kompyuta kubwa ya mjini, ili siku ikifa, habari za watu zisife nayo. Lakini ile kubwa haipokei mgeni ovyo. Sharti abishe hodi, ataje jina lake, aseme na neno la siri.

Basi kila asubuhi ile ya mlimani ilibisha hodi, na kila asubuhi ilifukuzwa. Fundi aliliona neno kwenye skrini: amekataliwa. Akajisemea ni mtandao wa milimani, mnaujua ulivyo. Ukapita mwezi, ikapita miezi sita, ukapita mwaka na ushei. Mnamcheka? Ninyi mna mangapi mnayaona kila asubuhi na mmeshayazoea?

Siku moja mama anayetunza mafaili kule juu akampigia simu.

"Fundi, mashine yangu inakoroma. Inakwaruza ndani kama mtu anayetafuta kutoka."

Fundi akaingiwa na hofu, maana alijua ile ni diski inayokaribia kufa, na habari za mwaka mzima zilikuwa humo tu, hakuna pengine. Akaangalia jina: ni sahihi. Akabadilisha neno la siri huku na huku: ikakataliwa. Akapima mtandao: mzima kabisa. Mwishowe akafungua orodha ambamo kompyuta kubwa huandika sababu zake, orodha ambayo hakuwa ameifungua hata mara moja. Akasoma: jina ni lake, neno la siri ni lake, anayebisha anatoka siku iliyopita.

Nywele zilimsisimka. Yeye alielewa maana yake, nami nitawaeleza. Mwizi anaweza kujificha, akasikia neno lako la siri, kisha akaja kulirudia baadaye. Kwa hiyo mlango ule humwuliza mgeni na saa yake pia. Akija na saa ya jana, hata akisema maneno ya kweli, hafunguliwi.

Kesho yake akapanda mlimani. Kile chumba cha mafaili kilikuwa kimya, ila ile mashine ikikwaruza. Akachukua karatasi zilizochapwa, za majina na tarehe tu, akaanza kuzipitia. Mtu amelazwa: tatu Machi, mwaka jana. Mtoto amezaliwa: tatu Machi. Mzee amefariki: tatu Machi. Akafunua za chini, akafunua za chini zaidi. Watu wote wa mlima ule walikuwa wameugua, wamezaliwa na wamekufa siku moja.

"Mama," akasema, "ni nani amerudisha nyuma tarehe ya mashine hii?"

Yule mama akamjibu: "Umesahau, mwanangu? Ni wewe. Ile programu ya majaribio iliisha muda ikajifunga, ukanifundisha kila nikiwasha nirudishe tarehe iwe tatu Machi, idhani siku zake bado. Ulisema ni kwa wiki moja tu, mpaka ile halali ije. Mimi tarehe za kweli naziandika kwa mkono kwenye kadi zao."

Akakumbuka. Akakumbuka hata jinsi siku ile alivyojiona mjanja.

Dawa yake ilikuwa ndogo: kuirudisha mashine kwenye siku ya leo. Lakini hapo programu ingejifunga, na kuhamisha mafaili kwa njia yoyote ile kungesimamisha kazi mchana kutwa. Nje watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Wahudumiwe kwanza," akasema. "Kesho alfajiri nitaiweka sawa."

"Inakoroma, baba."

"Itafika kesho."

Asubuhi mashine haikuwaka. Na wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mmoja, amembeba mjukuu wa mwaka mmoja mwenye kifafa. Daktari aliyemtibu alikuwa amehamishwa. Daktari mgeni akauliza ni dawa gani mtoto huyu ameshapewa.

"Sijui majina yake," bibi akasema. "Ila kuna moja ilimzimisha pumzi, akawa wa buluu. Daktari aliiandika kwenye mashine. Aliniambia, bibi, ondoa shaka, hapa haitasahaulika."

Fundi akapiga simu mjini, mwenzake akatafuta kwenye kompyuta kubwa.

"Huyo mtoto hayupo," mwenzake akajibu. "Nimempata mama yake tu. Ni mjamzito wa miezi saba, anaendelea vizuri, arudi wiki ijayo."

Fundi akageuka, akamtazama yule bibi, aliyekuwa akilea mjukuu kwa sababu alimzika binti yake siku ile ile mtoto alipozaliwa.

"Wanasemaje?" bibi akauliza.

Mtoto akaanza kukakamaa. Mezani palikuwa na dawa mbili, na daktari akachukua moja bila kujua ni ipi iliyomzimisha pumzi. Mtoto akatulia, akapumua.

Naona na ninyi mmepumua. Fundi yeye alitoka nje akalia, kwa kuwa alijua mtoto yule hakuokolewa na kazi yake.

Na sisi je? Majina yetu ni halali, tumebatizwa. Maneno ya sala tunayajua hata usingizini. Kila asubuhi tunabisha, kisha tunalalamika kwamba mbingu ni kavu, tunalaumu kwaya, tunalaumu mchungaji, tunamlaumu shetani. Lakini tunabisha tukiwa siku gani? Wengine tunakuja mbele za Mungu tukiwa bado kwenye ile siku tuliyookoka. Tangu hapo tumepiga wake zetu, tumehamisha mipaka ya shamba la yatima, tumenyamaziana na ndugu, na hayo yote hatumpelekei. Tarehe tumeirudisha wenyewe, maana leo ingetusimamisha kazi. Na tukiulizwa tunasema kesho.

Mimi nina kaka yangu wa damu. Tangu Pasaka ya mwaka juzi sijamjulia hali, na kila Jumapili nasimama hapa nawaombea ninyi amani. Sitamaliza mahubiri haya. Nashuka madhabahuni sasa hivi, nakwenda nje kumpigia simu. Wanakwaya, imbeni mtakalo. Na yeyote aliye na mtu wa kumpigia simu, ainuke tutoke pamoja.