Kufuli la Jaa

Paliondokea kiwanda cha mafuta ya nazi, na nyuma yake jaa la vifuu lililokaribia paa. Aliyepima taka na kuziandika alikuwa Mwanakombo.

"Ijumaa nikute taka hizi zimebaki nusu," meneja Mhando alimwambia Jumatatu huku akisugua goti lake bovu, "au kazi huna. Na lori sikupi."

"Sawa, bosi. Nipe kufuli tu, na kibao chenye saini yako: Mali ya kiwanda, marufuku kugusa."

Mhando alicheka mpaka akashika mbavu, akatia saini.

Mwanakombo akafunga lango la jaa na kutundika kibao. Majirani wakaja kuuliza kwa nini vifuu vimefungiwa. Yeye akatazama kando. "Mimi sijasema jivu lake linatibu magoti."

Usiku watu wakaruka ukuta, na Ijumaa uwanja ulikuwa mweupe. Mhando akafoka, "Mali ya kiwanda imeibwa!"

"Jumatatu uliiita taka, bosi."

"Nitawashika wezi wote, mmoja mmoja."

"Basi tuanze na yale magunia mawili ya vifuu yaliyo kwenye buti ya gari lako," Mwanakombo alisema, akafungua daftari. "Niandike ni taka, au ni ulichotaka?"

Mhando akakohoa. "Andika taka zimepungua."