Kiboko na Mkanda Mwekundu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini, wanangu?
Pakawa bwawa!
Bwawa la nani?
La kila mwenye kiu!
Na nani kasema ni lake peke yake?
Mwenye tumbo!

Haya, kaeni vizuri, msisukumane.

Hapo kale Kiboko alikuwa mwalimu wa karate. Msicheke. Nimesema mwalimu, sijasema mwalimu mzuri.

Alifundishwa na Korongo, ndege mgeni kutoka kisiwa cha Okinawa, mbali huko jua linakochomoza. Mtaala wa Korongo ulikuwa mfupi. Fagia kiwanja. Inama usalimu. Jifunze kusimama kabla ya kupiga. Kisha jifunze kata moja, yaani hatua na mapigo yanayofuatana kama mishororo ya shairi, uirudie mpaka ikuingie mifupani. Kata huanza kwa kujikinga, na inapokwisha unakuwa umesimama palepale ulipoanzia. Kuhusu mikanda, Korongo alisema, "Mkanda ni wa kufungia nguo." Basi. Majira yakageuka, akaruka kwenda zake.

Kiboko hakuwa na nguo. Lakini mikanda aliipenda! Akajifunga mweupe, akajifunga wa njano, wa kijani, wa kahawia, mpaka mweusi. Nani alimtahini? Yeye. Nani alimpa alama? Yeye. Nani alimpigia makofi? Yeye, puta puta puta, kwa masikio yake mwenyewe.

Kikaja kiangazi. Mito ikakauka, likabaki bwawa moja. Kiboko akajitumbukiza katikati, chubwi! Akatangaza, "Hapa sasa ni shule, nami mniite Sensei, yaani mwalimu. Wenye mkanda mweusi watakunywa. Wengine mtafanya mtihani kwanza. Na asiyeleta mzigo wa nyasi mbichi hatahiniwi."

Wanyama wakaleta nyasi. Wangefanyaje?

Swala alianza. Huu, pa! Huu, pa! Miguu myepesi, mgongo umenyooka, akarudi palepale. Kiboko akatafuna, akameza.

"Umetazama chini," akasema.

"Nilikuwa nakwepa mwiba, Sensei."

"Adui yuko mbele, hayuko chini. Mkanda mweupe. Kesho lete nyasi nyingine."

Akaja Ngiri. Huu, pa! Huu, pa! Macho mbele kama alivyoagizwa. Alipofika katikati, Kiboko akapiga chafya, chaaaf! Tope likamjaa Ngiri machoni, akasimama kujifuta.

"Umeacha kata katikati! Anayeacha kata katikati huvuliwa mikanda yote."

"Nimevaa mmoja tu, Sensei."

"Basi vua huo."

Ikawa hivyo kila siku. Mtaala ulirefuka, tumbo la Kiboko likanenepa, na wanafunzi wakakonda. Hakuna aliyefaulu. Hakuna aliyekunywa.

Sasa, juu ya mawe aliishi Bi Pimbi na watoto wake wawili. Mnajua pimbi? Mnyama mdogo wa rangi ya mawe. Akijikunja, unaweza kumkalia ukidhani umekalia jiwe. Asubuhi moja mtoto wake wa mwisho alitaka kulia, sauti haikutoka. Ulimi ulikuwa mkavu. Bi Pimbi akamlamba usoni, akateremka bwawani.

"Shikamoo, Sensei."

"Marahaba. Nyasi ziko wapi, we kidole cha mguu?"

"Sikuja kutahiniwa. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Mwalimu mkubwa kama wewe, bado unavaa mweusi! Kule Okinawa magwiji huvaa mwekundu. Korongo hakukuambia? Labda aliona hufiki."

Kiboko akafura mpaka maji yakapanda ukingoni. "Nani hafiki? Huo mwekundu uko wapi?"

"Nimekusukia kwa magome. Ila una mtihani wake. Sisi hatufai kukutahini, sote ni weupe. Utapimwa na jiwe, maana jiwe halijui kujipendekeza. Unaanza makalio yakigusa jiwe, unamaliza makalio yakigusa jiwe. Ukilikosa, unasogea lilipo na kuanza upya. Kutazama chini hakuna, kuacha katikati hakuna. Sheria ni zako zilezile."

"Hivyo tu? Jiwe liko wapi?"

"Pale, nyuma ya mti mkavu. Ngiri atasimamia. Mimi nitajificha, nisije nikazimia kwa fahari."

Bi Pimbi akaingia kichakani, akazunguka, akajikunja nyuma ya mti mkavu. Ndilo jiwe hilo.

Kiboko akatoka majini, akalielekeza tumbo lake bwawani, akaegemeza makalio. Jiwe likaziba pua.

Huuu, pa! Huuu, pa! Kiyaa! Huku nyuma jiwe likasogea, tiki tiki tiki. Kiboko akarudi kinyumenyume. Hamna kitu.

"Hujafika jiweni, Sensei!" Ngiri akaita. "Bado kidogo nyuma. Anza upya!"

Huuu, pa! Huuu, pa! Kiyaa! Tiki tiki tiki.

"Hujafika jiweni, Sensei! Bado kidogo nyuma. Anza upya!"

Wanyama wakaanza kuingia bwawani. Kiboko akawaona, maana macho yake yalikuwa mbele kama sheria inavyotaka.

"Nyie! Mnafanya nini hapo?"

"Tunafagia, Sensei," akasema Swala. "Mkanda mwekundu hauingii shule chafu."

"Mnafagia kwa midomo?"

"Mifagio imekauka, Sensei. Lakini usisimame! Uko katikati ya kata!"

Kiboko akaukumbuka mkanda mwekundu, akaendelea. Huuu, pa! Tiki tiki tiki. Akapanda kilima kinyumenyume, jua likiwa utosini. Ngozi ikakakamaa, ikapasuka kama tope la kiangazi. Bwawa likawa dogo kama kisahani. Huuu... pa... Huuu...

Hapo kiu ikamshinda. Hakumaliza hatua aliyoianza. Akakurupuka, pu pu pu pu, mpaka bwawani, chubwi!

"Ameacha kata katikati!" Ngiri akapaza sauti. Swala akaja, akamfungua mikanda mmoja mmoja: mweusi, kahawia, kijani, njano, na ule mweupe. Kiboko alitaka kufoka, pumzi haikuwepo. Na mwalimu aliyevuliwa mikanda na sheria yake mwenyewe hamtishi hata chura.

Pembeni yake mtoto wa Bi Pimbi alikuwa anakunywa, gu gu gu gu. Akapumua, akamtazama Kiboko, na sauti ikatoka, nyembamba lakini safi:

"Kesho lete nyasi, Sensei."

Tangu siku ile hakuna aliyempelekea Kiboko hata unyasi mmoja. Ikabidi ajitafutie, na kwa aibu hutoka usiku tu. Huzunguka porini akikohoa huuu, huuu, kisha hurudi palepale alipoanzia. Watu husema ametoka malishoni.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mtahini hakosei kamwe, mtaala haudanganyi, na jiwe likitembea nyuma yako, ujue ni wewe uliyesimama vibaya.

Hadithi yangu imekata pumzi. Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda aiache hapohapo alipokaa, mimi nitaiokota.