Bi Pimbi na Dau la Kiboko

Jamani, mliokaa mbele!
— Tumekaa!
Na mlioegemea nyuma?
— Tunakusikia!
Basi sogezeni masikio, miguu ibaki hapo hapo.
— Yamesogea!

Haya. Simba alikuwa rais wa wanyama miaka mingi, mpaka meno yakamwisha. Siku moja akasema, "Nimechoka. Chagueni mwingine." Akajitokeza Twiga, akajitokeza Nyumbu. Kampeni zikaanza. Vumbi tifu tifu tifu, ngoma pu pu pu, kila kichaka kina mkutano.

Na palipo na uchaguzi, kubeti hakukosekani. Wanyama wakaanza kuwekeana dau la karanga. Mabanda ya kubetia yakawa matatu: la Kiboko kule kivukoni, la Kunguru pale mkwajuni, na la Mzee Kobe huko majabalini.

Sasa, jirani yake Kobe alikuwa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, mkia hana, ukimwona unadhani ni panya aliyeshiba. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu na vikapu viwili vya karanga. Kiangazi kilikuwa mlangoni. Vikapu viwili havifiki hata katikati ya kiangazi, alijua hivyo, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Mwaka uliopita alikuwa na vikapu vitano. Vitatu alivipeleka kwa Kiboko, akabeti kwamba mvua itanyesha kabla ya mwezi kuandama. Mvua ikanyesha, tena ya kumwaga. Alipokwenda kudai, Kiboko akamwambia, "Ile si mvua. Ile ni manyunyu makubwa." Akafunga mlango. Siyo yeye peke yake. Bonde zima lilikuwa limeliwa hivyo hivyo.

Safari hii Bi Pimbi akasema, siweki hata punje moja kabla sijauliza. Akashika njia, tipu tipu tipu, mpaka kivukoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umeleta karanga?"

"Nimeleta maswali. Nikibeti hapa, nani anasema nimeshinda?"

"Nasema mimi."

"Nikibadili mawazo, natokaje?"

"Hutoki."

"Na wewe unakula nini?"

"Mimi? Sili kitu! Nawasaidia tu." Na tumbo lake likalia: gulu gulu gulu.

Bi Pimbi akashukuru, akaondoka. Tipu tipu tipu, mpaka mkwajuni.

"Kunguru, nikibeti hapa, nani anasema nimeshinda?"

"Kwaa! Simba, akimtangaza rais mpya."

"Nikibadili mawazo, natokaje?"

"Unauza nafasi yako kwa mwingine. Kwaa!"

"Na wewe unakula nini?"

"Punje mbili katika kila konzi."

Kunguru alikuwa na ubao mkubwa. Mtu akileta karanga kwa ajili ya Twiga, Twiga anachorewa mstari. Akileta kwa ajili ya Nyumbu, Nyumbu anachorewa. Mwenye mistari mingi Kunguru humtangaza kutwa nzima kwamba ndiye anayeongoza. Bi Pimbi akautazama ubao, akainamisha kichwa.

"Aliyeleta kikapu kizima anachorewa mistari mingapi?"

"Mmoja."

"Na aliyeleta konzi moja?"

"Mmoja. Mimi sipimi, nachora tu kinacholetwa. Kwaa!"

"Ahaa," akasema Bi Pimbi. Akaondoka. Tipu tipu tipu, mpaka majabalini.

"Mzee Kobe, nikibeti hapa, nani anasema nimeshinda?"

Kobe akafikiri. Akafikiri tena. "Kura zinahesabiwa mbele ya watu wote. Korongo anahesabu. Kila mtu anaona."

"Natokaje?"

"Polepole."

"Na unakula nini?"

"Konzi moja kwa kila kikapu, ukishinda. Ukishindwa, nakupa pole tu. Na hapa hubeti na mimi, unabeti na mwenzako. Mimi nashika vikapu." Akaonyesha ufa mwembamba katika jabali. Anayepenya humo ni pimbi au kobe tu.

Bi Pimbi akarudi nyumbani. Akakigawa kikapu kimoja konzi konzi, akawaita binamu zake, shangazi zake, wajomba na wake zao. "Kila mmoja konzi moja. Nendeni kwa Kunguru. Semeni: Kiboko atakuwa rais."

"Kiboko hagombei!" wakashangaa.

"Bado," akasema Bi Pimbi.

Wakaenda. Wa kwanza, konzi moja, mstari mmoja. Wa pili, konzi moja, mstari mmoja. Wa tatu, konzi moja, mstari mmoja. Kufika Alhamisi, Kiboko alikuwa na mistari sitini, Twiga ishirini, Nyumbu kumi na tisa. Kunguru akaruka bonde zima: "Kwaa! Kwaa! Kiboko anaongoza! Kiboko anaongoza!"

Kiboko akasikia. Akatoa kichwa majini, akatikisa masikio. "Mimi?"

"Wewe! Kwaa! Ubao ndio unaosema!"

Kiboko akajitazama majini. Akaona uso mpana, shingo nene, meno manne ya haja. Kweli, akajiambia, rais ndivyo anavyokuwa. Siku hiyo hiyo akaenda kwa Simba kuandikisha jina, kisha akapanda hadi majabalini kutafuta wa kubeti naye, bum bum bum, nchi ikatikisika.

Pale akawakuta wanyama walioitwa na Bi Pimbi, na vikapu vyao vya mwisho. Kumi kwa jumla, kimoja ni cha Bi Pimbi.

"Tunabeti kwamba hutashinda, bwana," akasema Bi Pimbi kwa sauti ndogo. "Lakini ndiyo hivi vikapu kumi tu. Hatuna zaidi."

Kiboko akaviona vile vikapu kumi, mate yakamjaa. Vikapu vya mwisho vya bonde zima! "Wekeni hivyo kumi. Mimi naweka arobaini!"

"Arobaini ni vingi, bwana. Utajuta."

"Nani ajute? Hukuona ubao?"

Akavileta vyote arobaini, ghala lake likabaki tupu. Kobe akavisukuma ufani, kimoja kimoja, mpaka jua likamchoma mgongo.

Siku ya kura ikafika. Bi Pimbi alikuwa akijiuliza tangu asubuhi. Je, kama wanyama wameuamini ubao? Je, kama watoto wangu nimewauza kwa konzi sitini? Akapiga kura, akakaa na wanawe, akawashika mmoja mmoja mikono.

Korongo akahesabu kwa sauti. Nyumbu, mia mbili na sita. Twiga, mia tatu na kumi na mbili. Wote wakapiga makofi.

"Na mimi?" akanguruma Kiboko.

"Moja," akasema Korongo.

"Ya nani?"

"Sisemi ni ya nani. Ila ina matope."

Kiboko akamgeukia Kunguru. "Si ulisema naongoza?"

"Uliongoza ubaoni. Kwaa! Mimi nachora tu kinacholetwa."

Kiboko akakimbilia majabalini, bum bum bum. Akaingiza pua ufani, ikakwama. Akavuta, akavuta, akavuta, ikachomoka: pwaa! Akaanguka chali mbele ya Twiga, rais mpya, aliyemfuata na umati.

"Pole," akasema Mzee Kobe.

Vikapu vikagawanywa. Kila aliyeweka kimoja akarudi na vitano, Kobe akachukua konzi zake. Kiangazi kikaja, kikapita, na katika bonde zima hakuna mtoto aliyelala na njaa.

Na funzo la hadithi hii? Kubeti ni kubaya. Karanga hupatikana kwa jembe na jasho, si kwa dau. Ndivyo Bi Pimbi alivyowafundisha wanawe kiangazi chote, kila siku bila kukosa, wamelala wanne juu ya jabali, matumbo juani, wakitafuna.

Hadithi nimeitua hapo. Imemuelemea nani?
— Hakuna!
Basi kila mmoja abebe kipande, aende nacho kwao.
— Tumebeba!