Kobe Aliyeziba Masikio

Paukwa!

Pakawa!

Miguu ndani, masikio mbele!

Tumekaa, Bibi, tupe!

Haya. Na wewe Mwanakheri, acha kutafuna hayo mahindi, unaniharibia maneno.

Hapo kale Kobe alikuwa na masikio. Mnacheka? Chekeni tu. Alikuwa na matundu mawili wazi, moja huku na moja huku, na alisikia kila kitu, hata mchwa akitafuna jani kavu.

Aliishi shimoni chini ya mwamba na mkewe, Mama Tunu, na mtoto wao, Tunu, mdogo kama kifuu cha nazi. Mama Tunu alikuwa hodari wa kutafuta uyoga. Akiuona tu, anapaza sauti: "Baba Tunu! Baba Tunu! Njoo, uyoga umechipua!" Na Kobe anaitika, "Naam, mke wangu, naja!" Wanakula wote watatu.

Siku moja Mama Tunu alitoka peke yake, akakutana na zimwi. Loo! Mdomo wake mpana kama mlango wa zizi. Akammeza mzimamzima, gamba na yote. Nyama ikayeyuka, gamba likayeyuka, lakini sauti haikuyeyuka. Ndiyo tabia ya mazimwi. Akikula, anabaki na sauti yako tumboni, anaitumia kuwanasa wenzako.

Kobe akangoja. Jioni ikafika, mke hayupo. Kesho yake hayupo. Pimbi, jirani yake aliyekaa juu ya mwamba, akashuka taratibu.

"Jirani, nimeona kwa macho yangu. Zimwi kamla. Pole sana."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa humo. Nyumba ikawa kubwa mno. Jamani, upweke ni kitu kibaya, asikwambie mtu.

Basi, siku moja akasikia huko nje: "Baba Tunu! Baba Tunu! Njoo, uyoga umechipua!"

Sauti ileile! Moyo ukamruka. "Naam, mke wangu, naja!" Akatoka. Pimbi akampigia kelele, "Rudi! Rudi ndani!" Kobe kuinua macho, anaona ukucha mrefu kama jembe. Akarudi shimoni mbio, na nyie mbio za Kobe mnazijua. Bahati yake mkono wa zimwi ulikuwa mnene, haukupita mlangoni.

"Una wazimu, jirani?" Pimbi akamwuliza Kobe, zimwi alipokwisha kwenda. "Si nilikwambia kaliwa?"

"Najua."

"Sasa unamwitikia nani?"

"Ni sauti yake, Pimbi."

"Nisikilize. Sauti ya wizi ikiitikiwa, zimwi anashiba. Isipoitikiwa, inamchachia tumboni mpaka inamuua. Usiitike!"

Kesho yake zimwi akaja, akaita. Kobe akasema moyoni, nisikie mara moja tu. Akaitika. Siku iliyofuata, mara moja tu. Akaitika. Na iliyofuata tena, mara moja tu. Akaitika. Hatoki nje, lakini anaitika, maana hata yeye alikuwa anashiba kidogo.

Siku hiyo ya mwisho alimsahau Tunu. Mtoto kasikia mama anaita, atakaa? "Mama! Mama yangu!" Huyo, mlangoni! Kobe akamdaka mguu kwa mdomo, akamvuta ndani. Lakini ukucha ulikuwa umeshamfikia. Gamba la Tunu lilikuwa changa bado, likapasuka pembeni, damu ikatoka.

Kobe akaiangalia ile damu. Halafu akaenda kuchukua ulimbo wa mti, ule wa kunasia ndege.

Akavuta ngozi ya shingo ya Tunu, akaivuta, akaivuta, ikafika masikioni.

"Baba, nikizibwa nitakusikiaje?"

"Kwa tumbo, mwanangu. Lala chini." Kobe akakanyaga ardhi, tu, tu. "Umesikia? Huyo ni mimi. Zimwi akija atasema ndi, ndi, ndi. Radi utaisikia. Mguu utausikia. Vitu vizito vitakufikia."

"Na mama?"

Kobe akabandika ngozi kwa ulimbo.

Masikio yake mwenyewe hakuyaziba upesi. Alingoja zimwi aje. Akang'ata mzizi kwa nguvu, akasikiliza mwito wote, tangu Baba Tunu ya kwanza mpaka uyoga umechipua. Machozi yanamtoka, lakini hakuitika. Ulipokwisha, akavuta ngozi ya shingo, akaivuta, akaivuta, akaibandika. Ndege wakanyamaza. Upepo ukanyamaza. Dunia yote ikanyamaza.

Zimwi akaita tena, kimya. Akaita kwa nguvu, kimya. Akaita mpaka mishipa ikamtoka shingoni, kimya! Humo shimoni, baba na mwana wamelala tumbo chini, wanasikia ndi, ndi, ndi ya miguu, basi. Sauti ikamchachia zimwi tumboni. Tumbo likavimba, likavimba, paa! Likapasuka. Kobe akasikia kishindo kimoja kikubwa ardhini, na baada yake hakuna mguu tena.

Sauti zote alizokula zimwi zikatoka. Ya mchunga mbuzi ikaenda kwao. Ya bibi mmoja ikaenda kwa wajukuu zake. Na ya Mama Tunu ikaja mwambani, ikasimama mlangoni.

"Baba Tunu! Sasa ni mimi kweli. Nimekuja kuwaaga."

Humo ndani, kimya.

"Baba Tunu! Niitikie, nipate kwenda."

Pimbi akateremka mbio, akaingia shimoni. "Itika! Jirani, itika, ni yeye!" Akaishika ile ngozi, akaivuta kwa meno. Wapi! Ulimbo ulikwisha kukauka. Kobe akamtazama, akatabasamu. "Pimbi, ni wewe? Nimekusikia vimiguu vyako. Usiwe na wasiwasi, nimesikiliza vizuri, hakuna mtu nje."

Sauti haina miguu, wanangu.

Ikaita mara ya tatu, polepole. "Baba Tunu." Ikangoja. Halafu ikaenda zake. Pimbi akakaa chini akalia.

"Unalia nini, jirani?" Kobe akamwuliza. "Zimwi amekufa."

Tangu siku hiyo kobe wote wana ngozi juu ya masikio na mikunjo shingoni, na husikia vya chini, vizito, vilivyo ardhini.

Hadithi yangu imeishia hapo, anayeona fupi aongeze yake. Funzo lake ni hili: anayekupenda akikuita akiwa angali na miguu, mwitikie, umsogelee. Haya, Tatu, mama yako anaita huko nje. Nenda.