Wiki Nzima Ilipokuja Jumamosi

Kisa, bisha hodi! Semeni: Hodi!

Kisa, karibu ndani! Semeni: Kimeingia!

Kisa, keti! Semeni: Kimekalia kigoda cha bibi!

Na bibi mwenyewe atakaa wapi? Haya, sogeeni motoni.

Zamani, zamani ile mbuzi walipokuwa hawajaota ndevu na milima ingali inagombania nani awe mrefu, kulikuwa na nchi ya juu yenye baridi. Baridi gani? Baridi ya mtu kuamka asubuhi akapapasa kwanza kama masikio yangalipo. Na kipupwe kikiingia, hali ya hewa ya huko haikuwa na msimamo hata kidogo.

Huko aliishi Luvanda, mtu wa tumbo na sauti, mtabiri wa hali ya hewa. Alinusa, akalamba kidole, akakiinua juu, akafumba jicho moja, kisha akaitangaza wiki nzima kama mtu aliyekula nayo chakula cha jioni.

"Jumamosi, jua! Jumapili, ukungu! Jumatatu, manyunyu! Jumanne, upepo! Jumatano, mvua ya mawe!"

"Na Alhamisi, kaka?" akauliza dada yake.

"Alhamisi nimechoka."

Dada hakucheka. Mwanawe, Lwidiko, alikuwa anaoa ng'ambo ya mlima, na desturi ya kule ilikuwa moja: moto utoke jikoni kwa mama wa bwana harusi, ubebwe kwenye chungu, ukawashe jiko la bibi harusi. Ukizimika njiani, hakuna ndoa mpaka kipupwe kijacho. Mwaka uliopita mbebaji alitumbukia mtoni, yeye na chungu chake. Baba wa binti akaapa: safari hii moto ukizimika, Tulinagwe anaolewa kwingine.

"Nipe mimi chungu," Luvanda akasema. "Tunakwenda Jumamosi. Jumamosi ni jua."

Akajitanda mgolole wake, shuka lile zito la wanaume. Akatangulia na chungu cha makaa, Lwidiko nyuma. Jua likawaka. Wakapanda, wakapanda. Luvanda akaanza kuimba.

Ghafla, pwa! Tone puani. Pwa! Tone jingine.

"Mjomba, mvua!"

"Hii si ya leo! Hii ya Jumatatu!" Luvanda akafoka, akageukia mbingu. "Wewe! Rudi, siku yako bado!"

Manyunyu yakamlowesha mgolole wote. Wakapanda, wakapanda. Mara, ko! Ko! Ko-ko-ko!

"Mjomba, mawe!"

"Ya Jumatano haya! Yanatafuta nini huku?"

Akachuchumaa juu ya chungu kama kuku aatamiaye, mgolole ukafunika kila kitu. Mawe yakacheza ngoma kichwani. "Mwanangu Lwidiko," akalia, "huyu binti anajua kupika kweli? Maana nateseka!"

Mawe yakapita. Luvanda akainuka. Ukungu ukashuka, mzito, mtu haoni hata kidole chake. Hakuona basi kwamba cheche moja imerukia pindo la nyuma la mgolole, lililokwisha kukaushwa na makaa, ikakaa humo ikiulamba polepole.

"Mjomba, ukungu huu mbona unanuka?"

"Ni wa Jumapili, mpwa wangu. Umekuja kabla haujaiva."

Wakapapasa njia mpaka uani kwa wakwe. Shangazi wa bibi harusi akakipokea chungu, akafunua, akachungulia. Jiwe la barafu lilikuwa limejipenyeza na kuyeyuka humo.

"Tuliomba moto," akasema. "Hiki mlicholeta ni uji?"

Lwidiko akakaa chini matopeni, na koti lake la harusi. Luvanda akachungulia chungu mwenyewe. Alimtazama mpwa wake, kijana aliyemlea tangu anatambaa, akatamani ardhi immeze.

"Basi," akasema baba wa binti. "Nilishaapa."

Hapo, wanangu, ukavuma upepo. Wa Jumanne! Vuuu! Ukafagia ukungu wote, mlima ukaonekana, jua likatoka. Ukungu ulibaki kwa mtu mmoja tu.

Tulinagwe akachomoza kichwa mlangoni. "Baba, mbona mjomba anafuka moshi?"

"Ni ukungu wa Jumapili, mama," Luvanda akajibu kwa unyonge. "Umenizoea."

Vuuu! Upepo ukapuliza tena. Fwaa! Mgolole ukalipuka.

"Yalaaa! Jumapili inauma!"

Watu wakakimbilia mitungi. Tulinagwe akaruka mlangoni, mikono ameitanua.

"Asimwage mtu maji! Huo ndio moto wenyewe! Umetoka jikoni kwa mama mkwe au haukutoka?"

"Umetoka," akasema shangazi, "lakini desturi ni chungu."

"Na chungu kimekuja. Moto umechagua kupanda mgongoni. Mjomba, simama hapo hapo!"

"Mwanangu, nasimamaje?" Luvanda alikuwa anarukaruka kama bisi.

Binti akachomoa nyasi kavu chini ya paa, akazigusisha kwenye pindo la mjomba, zikawaka, akakimbia nazo jikoni. Moshi ukatoka juu ya paa. Baba wa binti akaukazia macho, akajikuna ndevu, kisha akaangua kicheko mpaka akaegemea nguzo.

"Lwidiko," akasema, "ondoka matopeni, mkwe wangu."

"Mmewasha?" Luvanda akapiga kelele. "Mmewasha kweli? Sasa naruhusiwa maji?" Hakungoja jibu. Akaketi ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, chwaaa!

Jioni, mgolole nusu, ubwabwa mkononi, wakamuuliza hali ya hewa ya wiki ijayo. Akalamba kidole, akakiinua, akafumba jicho. Akafikiri sana.

"Itakuwepo," akasema.

Basi, wajukuu, mtu akiwatangazia wiki nzima, msikilizeni na mshukuruni. Ila njiani, kabla hamjaigombeza mbingu, geukeni kidogo mtazame migongo yenu.

Kisa, inuka! Semeni: Kimeinuka!

Kisa, aga! Semeni: Kwaherini!

Kimetoka. Sasa mmoja wenu akafunge mlango, baridi inaingia.