Mbwa Mmoja, Walishaji Wanne

Nyumba ya mzee mwashi ilikuwa na vyumba vitano vilivyouzunguka ua wa saruji, na kila chumba kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani. Aliijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, kila alipopata nafasi baada ya kazi za watu; ndiyo maana hapakuwa na madirisha mawili yaliyolingana. Chumba kilichotazama barabara alimpa mke wa mwanawe mkubwa akifanye cha kushonea. Kutwa nzima cherehani ilinguruma mle, na mwanamke aliyeketi nyuma yake aliona kila aliyeingia na kila aliyetoka. Alikuwa mtu wa kutazama sana na kusema kidogo.

Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu ambaye hata akioga mara mbili hakosi doa la rangi nyuma ya sikio. Mdogo wa mumewe alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jikoni alitawala Shangazi, dada wa mzee mwashi, ambaye mdomo wake haukukauka maneno wala moyo wake haukukauka huruma. Na chini ya miguu ya hao wote, akijikwaa na kuviringika, alikuwepo Tofali.

Tofali alikuwa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, mwekundu kama tofali lililoiva tanuruni. Mama yake alikuwa rafiki wa mzee miaka yote ya ujenzi. Alilala kwenye mchanga wa kila nyumba aliyoijenga mzee. Siku mbwa huyo alipogongwa na gari akafa, mzee alinyamaza. Alikaa mlangoni pake, mkono juu ya goti bovu, chakula kikipoa mbele yake. Hakuna aliyepata neno kinywani mwake mpaka asubuhi moja kitoto kile kilipomtambalia mguuni na kuramba uji kwenye kidole chake. "Huyu ana njaa," mzee alisema, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Tangu siku hiyo alimlisha yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kwa wakati anaoujua yeye.

Kisha ikafika siku ya mzee kwenda kupasuliwa goti. Teksi ilikuwa imeshasimama langoni, dereva wake akipiga honi kama mwenye deni na barabara.

"Tofali mlisheni vizuri," mzee alisema, mguu mmoja ndani ya gari.

"Amlishe nani, Baba?" mshonaji aliuliza.

"Nyinyi hapo. Nawaachia nyote. Daktari kasema nikitoka nisipotembea, goti litaganda. Mimi kutembea peke yangu siwezi, najijua. Huyu ndiye atakayenitoa ndani."

"Usiwe na wasiwasi, Mzee!" wote wanne walijibu kwa mkupuo. Teksi ikaondoka. Hakuna aliyekumbuka kuuliza mbwa anakula mara ngapi, kwa maana kila mmoja aliamini kwamba anajua.

Shangazi aliamini kwamba mtoto ni mtoto: akilia apewe. Basi Tofali alipoguna tu, Shangazi aliacha sufuria motoni na kummiminia maziwa. "Kunywa, yatima wangu, kunywa," alimbembeleza. Fundi rangi aliona mbwa ni kiumbe kama yeye, anahitaji chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni. Kila alichokula alimmegea. Dereva alicheka sana aliposikia hayo. "Mbwa wa gereji yetu anakula mara moja tu, jioni, na mwizi akimwona anavuka barabara!" Kwa hiyo kila jioni alirudi na mfuko wa mifupa na mafuta ya nyama, akamwaga chakula cha kutwa kama anayelisha jibwa lile la gereji, na Tofali akajitosa humo mpaka masikio.

Na mshonaji? Yeye pia hakuwa nyuma. Kwa wazazi wake walifuga mbwa aliyelishwa asubuhi na jioni, akaishi mpaka akaota mvi kidevuni. Aliwaona wenzake wakitoa chakula ovyo, akatikisa kichwa, na badala ya kusema, alikuwa akiinuka taratibu na kumpa Tofali mlo "wa kweli". Hakufikiri kwamba mlo wake nao ulikuwa unaingia katika tumbo lile lile.

Mzee alipiga simu kutoka hospitalini. Fundi rangi akaiweka simu kwenye spika wote wasikie.

"Tofali hajambo?"

"Hajambo kabisa!"

"Anakula?"

"Anakula, Mzee!" walijibu kama darasa moja. Hapo hawakusema uongo. Kula ndiko kulikokuwa tatizo.

Haukupita muda tumbo la Tofali likawa limewambwa kama ngoma, miguu ikimtawanyika pembeni. Kisha ngoma ikapasuka. Alihara uani, akahara jikoni, akamalizia ndani ya kiatu cha dereva alichokuwa anataka kukivaa.

"Nani amempa maziwa huyu?" dereva alifoka, kiatu mkononi, pua imekunjwa.

"Maziwa hayaui mtoto," Shangazi alijibu kutoka jikoni. "Uliza hayo mafuta yako ya gereji!"

"Mimi nampa mara moja tu!"

"Mara moja ya kulisha ng'ombe!"

"Jamani, tatizo ni kwamba hamna ratiba," fundi rangi aliingilia.

"Ratiba gani?" mkewe alimgeukia. "Wewe kila ukitafuna na yeye anatafuna. Ukimumunya peremende utampa ganda?"

Dereva alicheka, na kicheko kile kikawa petroli motoni. Maneno yakazidi unga. Mwishowe Shangazi alifunga mlango wa jikoni kwa kishindo. "Kuanzia leo mimi simo! Mlisheni nyinyi wajuzi."

"Hata mimi simo," akasema dereva.

"Wala mimi," akasema fundi rangi.

Mshonaji aliwageuzia mgongo. Alirudi kwenye cherehani yake amenuna, akijiambia kwamba watakapoona kazi imewashinda watakuja kumbembeleza.

Kesho yake bakuli lilikuwa kavu. Fundi rangi aliliona alipokuwa akitoka na ndoo zake, akafikiri mkewe atalijaza. Dereva aliliruka. Tofali akaenda mlango wa jikoni, akalia. Shangazi alisikia, moyo ukamchoma, lakini akajikaza: "Wenye mbwa wao wapo." Tofali akaenda mlango wa dereva, umefungwa. Akaenda wa fundi rangi, umefungwa. Akaja kwa mshonaji, akakwaruza ubao kwa kucha zake ndogo. Mshonaji alikuwa anapiga pindo la gauni la harusi. Akasema moyoni, "Hata nikiinuka, Shangazi atasema ninajipendekeza." Mguu wake ukaendelea kukanyaga.

Baadaye kilio kikakoma. Nyumba ikatulia, na kila mmoja kwa upande wake akapumua: hatimaye kuna aliyemlisha.

Lakini mshonaji alikuwa mtu wa kutazama, na anayezoea kutazama huzoea pia kusikiliza. Jua lilipoanza kuinama aliona kimya kile kimekuwa kizito. Mbwa aliyeshiba huwa na mambo: hukimbiza kivuli, hutafuna kandambili. Akasimamisha cherehani, akatoka uani. Bakuli bado kavu, nzi mmoja akilizunguka. Akaita, "Tofali! Tofali!" Hakuna kitu.

Alimkuta kwenye mlango wa tano, mlango wa mzee uliofungwa kwa kufuli, kidevu kimelala kizingitini. Alipomwinua, shingo ilining'inia kama kitambaa kilicholowa. Miguu ilikuwa ya baridi. Roho ilimruka.

"Shangazi! Njoo! Anakufa!"

Shangazi alitoka na mwiko mkononi, akauangusha. Fundi rangi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia langoni, alitupa ndoo. Dereva, aliyemfuata nyuma, aliwasha gari la jirani bila hata kumaliza kuliomba. Mshonaji alimfunga Tofali ndani ya kipande cha flana, akamweka kifuani, na njia nzima alikuwa akimpulizia pumzi yake ya moto. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wote walikuwa wanaona picha moja: mzee anashuka kwenye teksi, anautazama ua, kisha anaingia ndani kukaa, asitoke tena.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya haraka. Alifunua ufizi, akauona mweupe. Akachovya kidole kwenye asali, akampaka Tofali ufizini na chini ya ulimi, akamlaza juu ya chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo.

"Mara ya mwisho alikula lini?" aliuliza bila kuinua macho.

Wanne wale wakatazamana.

"Nani anamlisha?"

"Sisi sote," fundi rangi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi hakuna. Haya, kila mmoja aniambie anavyomlisha."

Wakasema, mmoja baada ya mwingine, safari hii bila kukatana maneno. Daktari alisikiliza huku akimpaka asali tena, akimsugua mgongo. Kisha akatikisa kichwa, na midomo ikataka kucheka.

"Ajabu ni kwamba nyote mmesema kweli. Ila kila mmoja analisha mbwa wake. Wa Shangazi ni kichanga, hajafumbua macho, huyo kweli hunyonya kila akilia. Wa fundi amepita miezi minne, anakula mara tatu mpaka afike kama miezi sita. Wa mshonaji ni huyo mkubwa zaidi: asubuhi na jioni, mpaka uzeeni, ila akizeeka mnamlainishia na kumpunguzia. Na wa dereva analinda gereji. Mlo mmoja anaustahimili, ingawa miwili ingemfaa zaidi. Sasa huyu wangu aliye hapa mezani, wa miezi miwili, aliyeachishwa ziwa juzi tu, anataka kidogo kidogo mara nne kwa siku. Tumbo lake ni dogo, haliweki akiba. Mlimpakia kupita kiasi likamwaga kila kitu, halafu mkamnyima. Huyu ndiye hana mlishaji."

Shangazi alijifuta macho kwa pindo la khanga. Na wakati wote wakiangalia sakafu, ulimi mdogo wa waridi ulitokeza, ukalamba pua, ukarudi, ukatokeza tena kutafuta asali.

"Ee!" dereva alipiga ukelele, mbwa watatu wa nyuma ya kliniki wakambwekea. Tofali alifumbua jicho moja, akamtazama kama anayeuliza ni nani huyu anayepiga kelele hospitalini. Fundi rangi alicheka mpaka akakaa chini. Mshonaji alishika ukingo wa meza, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

"Ataishi," daktari alisema. "Lakini simpi mtu yeyote kabla sijajua mmoja atakayemlisha. Mmoja. Wengine wakiwa na chakula, wampe huyo."

Mshonaji alikuwa na neno 'mimi' kwenye ncha ya ulimi. Nani alimwona Tofali? Nani alimbeba? Lakini alijua pia kwamba mguu wake ukishakuwa kwenye cherehani, mchana hupita bila yeye kujua. Mlango ulikwaruzwa na hakuinuka. Akapiga moyo konde.

"Shangazi," alisema. "Yeye anashinda nyumbani, na saa za jikoni hazimpotei."

"Shangazi?" dereva alishtuka. "Si ndiye bomba la maziwa?"

"Wee, funga bakuli lako!" Shangazi alimkaripia, kisha akamgeukia mshonaji, sauti imelainika. "Mwanangu, mnaniamini kweli?"

"Tunakuamini. Ila akilia tu, usikimbie."

"Nitaziba masikio, lakini kwa saa chache tu, si kwa siku nzima."

Kuanzia hapo mambo yakanyooka. Chakula laini, kiasi cha ngumi ya mtoto, kilitoka jikoni asubuhi, mchana, alasiri na kabla ya kulala. Dereva alipoleta mifupa aliikabidhi mlangoni kama mpita forodha, na mara nyingi ilirudishwa. Fundi rangi alijifunza kutafuna bila kutazama chini. Mshonaji alishona, na kila aliposikia Shangazi akigonga bakuli kwa kijiko, moyo wake ulitulia.

Mzee alirudi na magongo mawili. Teksi ilikuwa haijazima injini Tofali alipotoka mbio, mkia ukimyumbisha mwili mzima, tumbo limekaa mahali pake. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha mkate wa hospitalini.

"Kaka!" Shangazi aliita. "Ameshakula. Mlo wa alasiri bado."

"Hata mimi mwenye mbwa?"

"Hata wewe."

Mzee aliwatazama wale wengine watatu, akidhani watamtetea. Wote walikuwa wanatazama juu, kama mafundi wanaokagua paa. Akacheka, kicheko kirefu ambacho ua ule haukukisikia tangu mbwa wake alipokufa. Akala mkate mwenyewe. Kisha akasogeza gongo moja mbele, na jingine, na Tofali akamtangulia kuelekea barabarani, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kumngoja.

Mshonaji aliwatazama dirishani mpaka wakakata kona, akajua kwamba goti lile halitaganda. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, bakuli mkononi, akihesabu saa. Walipokuwa wanne wakiamuru, karibu wamuue Tofali; sasa anaamuru mmoja na chombo kimetulia. Ama kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama.